Je, naweza kumpa zaka yangu mpangaji anayesomea uchoraji?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh wetu. Mimi ni mjane wa miaka 54, naishi hapa Dodoma. Nauza mafuta ya alizeti sokoni Majengo, na marehemu mume wangu aliniachia nyumba ya vyumba sita kule Ng'ong'ona, jirani na chuo kikuu, ninayopangisha wanafunzi. Mmoja wao ni binti wa Kiislamu kutoka Kondoa vijijini, yupo mwaka wa pili, anasomea sanaa, yaani uchoraji na ubunifu. Baba yake ameshafariki. Mkopo anaoupata unaishia kwenye ada na chakula. Kodi ya chumba, shilingi 50,000 kwa mwezi, sasa ni mwezi wa nne hajalipa, na rangi na karatasi ananunua kwa kuwafulia wenzake nguo.

Mwaka wangu wa zaka unatimia Shaabani. Mafuta niliyonayo pamoja na fedha ni shilingi 18,000,000, na nimepiga hesabu nikapata zaka ya 450,000. Nikawaza nimpe yeye, na ile kodi ninayomdai niikate humo humo. Nilipomshirikisha ustadhi anayetusomesha darsa la akina mama, akaniambia zaka hiyo haitapokelewa: mchoraji ni mtu wa motoni, anayemsaidia anashirikiana naye katika dhambi, na malaika hawaingii kwenye nyumba yenye picha, kwa hiyo nimtoe binti na zaka niipeleke kwenye marumaru za msikiti.

Usiku ule nikamwambia binti atoe picha alizobandika ukutani. Alizitoa zote bila kusema neno, akazikunja, akaziweka chini ya kitanda. Kesho yake alipokwenda darasani niliingia kuzitazama. Moja ni mbuyu, nyingine mawe ya kwao, na moja ni mikono miwili inamimina mafuta kwenye chupa kwa faneli. Niliitambua pete yangu. Sheikh, tangu siku hiyo sina raha. Nifanye nini?

JIBU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, mama.

Swali lako nimelisoma baada ya alfajiri na nikalirudia baada ya adhuhuri, kwa kuwa kuna mambo mawili yamenikaa kooni. La kwanza ni kwamba mama amekwenda kwa mwalimu wa dini akiwa na nia ya kutoa zaka, akarudi na amri ya kumfukuza binti aliyefiwa na baba. La pili ni ile pete. Nitakupa hukumu kwanza ili upate usingizi, kisha nitayarudia maneno ya ustadhi, maana hayo siwezi kuyaruka.

Binti huyu anastahiki zaka. Anastahiki kwa sababu hana. Aya ya 60 ya Suratu Tawba imewataja watu wanane wanaopewa zaka, wa mwanzo wakiwa mafakiri na maskini, na haikuuliza fakiri anasomea nini. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wanapima hivi: anayehitaji kumi akapata mbili au tatu ni fakiri, na anayehitaji kumi akapata saba au nane ni maskini. Binti anayekula kwa mkopo, anadaiwa kodi ya miezi minne na anafua nguo za watu ili anunue karatasi, hatoki nje ya mizani hiyo. Juu ya hayo ana deni, na wenye madeni nao wamo katika aya hiyo hiyo. Hesabu yako pia nimeipitia: robo ya sehemu ya kumi ya 18,000,000 ni 450,000 kamili. Allah akubariki kwa kupiga hesabu, wafanyabiashara wengi wanakisia.

Mtu anaweza kukupinga kwa hadithi ambayo ustadhi hakuitaja, nayo ni nzito kuliko zote alizozitaja: kwamba zaka haina fungu kwa tajiri wala kwa mwenye nguvu anayeweza kuchuma. Imepokewa na Abu Daud na Nasai. Binti ana afya, ana mikono, kwa nini asifanye kazi? Jibu lake lipo katika vitabu vyetu tangu zamani. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, ameandika kwamba anayeweza kuchuma, lakini ameshughulika na elimu kiasi kwamba akienda kuchuma elimu itamkatikia, zaka ni halali kwake, kwa kuwa kuitafuta elimu hiyo ni fardhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima ambao baadhi wakiutekeleza wengine wamesalimika. Sikufichi kwamba Nawawi alikuwa akizungumzia elimu za sheria. Sababu aliyoitaja, hata hivyo, ni ufardhi kifaya, na Imamu Ghazali kabla yake alishaandika katika mlango wa elimu kwamba fardhi kifaya haiishii msikitini: ameitaja tiba, ameitaja hesabu, kisha akashuka mpaka kwenye kulima, kufuma na kushona nguo. Mji ukikosa mtu wa kazi hizo, watu wake wote wana lawama. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wamejenga juu ya sababu hiyo wakampa zaka mwanafunzi fakiri wa chuo kikuu katika elimu yenye manufaa, nami niko pamoja nao.

Sasa nije kwa ustadhi. Nianze na marumaru, kwa kuwa ndilo jepesi. Madhehebu yote manne, la Abu Hanifa, la Malik, la Shafi na la Ahmad, hayaruhusu fedha ya zaka kujengea msikiti. Msikiti hujengwa kwa sadaka, kwa wakfu, kwa michango. Zaka ni haki ya watu waliotajwa, na marumaru si mmoja wao. Wapo wa zama hizi waliolipanua fungu la "njia ya Mwenyezi Mungu" likaingiza mambo mengi, na kauli yao ninaijua, lakini hata wao hawasemi umnyang'anye fakiri aliye uani kwako ili sakafu ing'ae. Ustadhi alikukataza jambo ambalo dalili yake iko wazi, akakuamuru jambo ambalo mafaqihi, yaani wanavyuoni wa sheria, wengi wao hawalikubali, na yote mawili kayasema kwa sauti ile ile ya uhakika. Hilo limeniumiza kuliko kosa lenyewe. Ukiwa hujui, sema hujui, umpeleke mama wa watu kwa anayejua.

Kuhusu picha, siwezi kukudanganya kwamba hakuna hadithi. Zipo, ni sahihi, ziko kwa Bukhari na Muslim: kwamba watu wenye adhabu kali zaidi siku ya Kiyama ni watengeneza picha, na kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala picha. Anayezisoma na asiogope ana tatizo katika moyo wake. Lakini hadithi haisomwi kwa kipande. Nataka nikusimulie moja ambayo ingemfaa ustadhi kabla hajafungua mdomo, maana inamhusu mtu mwenye hali ya binti yako hasa.

Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas, mtoto wa ami yake Mtume (s.a.w.), akamwambia: mimi riziki yangu inatokana na kazi ya mikono yangu, nami hutengeneza picha hizi, nipe fatwa. Katika mapokezi ya Muslim, Ibn Abbas hakuanza kwa kufoka. Alimwambia: nisogelee. Akasogea. Akamwambia tena: nisogelee. Akasogea mpaka Ibn Abbas akaweka mkono juu ya kichwa cha yule mtu. Ndipo akamweleza alichokisikia kwa Mtume. Katika mapokezi ya Bukhari, yule mtu alitweta kwa nguvu na uso wake ukageuka manjano kwa hofu. Ibn Abbas alipoiona hofu ile hakumwambia atupe vifaa vyake aende zake. Alimwambia kwamba ikiwa hana budi ila kuifanya kazi hiyo, basi achore miti, na kila kitu kisicho na roho.

Tazama mama. Mwanachuoni wa umma huu, na hadithi kali iko mdomoni mwake, lakini mkono wake uko kichwani kwa mchoraji fakiri, na kabla hawajaachana amemwonyesha njia ya kula kwa ufundi wake ule ule. Kazi haikufungwa, ilielekezwa. Na mikono ya binti yako imechora nini? Mbuyu. Mawe ya Kondoa. Ibn Abbas angeingia kile chumba asingeona cha kukataza.

Ukisema: na ile ya mikono? Imepokewa kutoka kwa huyo huyo Ibn Abbas kwamba picha ni kichwa, kikikatwa kichwa si picha tena. Ndiyo maana mafaqihi wengi wanasema kiungo kilichochorwa peke yake, ambacho kiumbe hawezi kuishi kwacho, hakiingii katika katazo. Mikono miwili na faneli haimo katika hadithi za adhabu. Kwa hiyo, nyumba ile ambayo ustadhi amesema malaika hawaiingii haikuwa na picha iliyokatazwa hata moja. Wala yeye hakuwahi kuziona. Alihukumu kwa neno "sanaa" peke yake, kana kwamba sanaa ni masanamu na ngoma tu. (Wanaosomea ngoma na maigizo wana maswali yao na majibu yao. Binti yako si mmoja wao, tusimbebeshe.)

Najua kwamba darasani ataambiwa siku moja achore mtu au mnyama kamili. Hapo pana ugumu, nami sitaufunika. Wanavyuoni walio wengi wanakataza, na Nawawi ni miongoni mwa waliokataza kwa ukali. Lakini al-Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Abubakar Siddiq na mmoja wa mafaqihi saba wa Madina, alilegeza katika picha zisizo na kivuli, yaani za juu ya kitambaa au karatasi, na wengi wa Wamaliki wakaziita makuruhu tu, yaani zisizopendeza lakini si haramu. Huyu al-Qasim alifiwa na baba yake akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake, mama yetu Aisha. Na Aisha ndiye aliyesimulia kwamba akicheza na wanasesere mbele ya Mtume, na kwa Abu Daud imekuja kwamba miongoni mwao kulikuwa na farasi mwenye mbawa za kitambaa. Mtume akamuuliza: farasi ana mbawa? Akajibu: hujasikia kwamba Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka mpaka yakaonekana magego yake. Mimi kwa nafsi yangu nafuata walio wengi na namshauri binti, kila anapopewa nafasi ya kuchagua, achague miti, majabali, nakshi, mwandiko, vyombo. Anapolazimishwa na mtihani, anayo kauli ya al-Qasim ya kujisitiri nayo, na anayo toba. Jambo ambalo Salaf, yaani wema waliotutangulia, wamehitilafiana ndani yake halimgeuzi mtu kuwa kuni.

Nina jambo la kumwuliza ustadhi, na ninauliza kwa uchungu wala si kwa kumdhihaki. Zaka uliyotaka kuitoa utaihesabu kwa noti. Ya elfu kumi ina tembo. Ya elfu tano ina kifaru. Ya elfu mbili ina simba. Ya elfu moja ina sura ya Mwalimu Nyerere. Tunaingia nazo msikitini mfukoni, tunazitia kwenye sanduku la sadaka, na hakuna aliyesema malaika wanatukimbia. Bango la mhadhara likibandikwa nguzoni lina nyuso za masheikh wanne au watano, kila mmoja na kilemba chake, na nani ameliunda bango lile? Kijana aliyejifunza kupanga maandishi, rangi na picha, yaani kazi hii hii ya binti. Tukiihitaji kwa mihadhara yetu tunamlipa na kumwambia Allah akulipe kheri. Akiwa mwanafunzi hana kodi ya chumba, tunamwambia ni mtu wa motoni. Huu si uchamungu. Ni ukali unaoelekezwa kwa asiye na wa kumtetea.

Tuseme basi, kwa mjadala tu, kwamba binti amekosea kweli na amechora kilichokatazwa. Je, zaka inaharamika kwake? Mafaqihi wamesema Mwislamu fakiri hapokonywi fungu lake kwa dhambi zake, isipokuwa ikijulikana kwamba ataitumia fedha hiyo hiyo kwa maasi. Na katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira, kuna mtu aliyetoka usiku na sadaka yake ikaangukia mkononi mwa mwizi, usiku wa pili kwa mzinifu, usiku wa tatu kwa tajiri. Watu wakasema sana. Akajiwa akaambiwa kwamba huenda mwizi akajizuia na wizi kwa sababu yake, na mzinifu akaacha uzinifu, na tajiri akazingatia akatoa. Sadaka ya mwizi ilipokelewa, mama. Itakuwaje ya binti anayefua nguo za watu ili anunue penseli?

Niseme na hili, kwa kuwa linanisumbua miaka mingi. Kuna msikiti ninaoswali mara kwa mara, sitautaja jina. Ukuta wa kibla umeandikwa Ayatul Kursiy kwa rangi ya kijani iliyokoza. Kwenye neno "ya'uduhu" mchoraji ameiacha herufi dali. Alikuwa fundi mzuri wa mabango, hakujua Kiarabu, alinakili kama mtu anavyonakili maua. Tumeswali mbele ya aya yenye upungufu kwa miaka, na wa kwanza kuiona alikuwa mtoto wa madrasa aliyekuwa akiisoma huku akifuatisha kwa kidole. Hatuna mtu wa kuisahihisha. Watoto hao hao wa madrasa wanafundishwa herufi kwa vitabu vilivyochorwa mbali. Wanaonyeshwa ngamia na mtende, wakati Hombolo na vijiji jirani mashamba ya mizabibu wanayapita kwa miguu kila siku, na "'inab", zabibu, neno la Qur'ani lenyewe, linaanza kwa 'ain, herufi inayowatesa kuliko zote. Hakuna aliyetuchorea kishada cha zabibu ya Dodoma kando ya 'ain. Binti wa Kondoa, mkoa huu huu, anatoka kwenye nchi ambayo michoro yake ya miambani kule Kolo iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Watu wanatoka Ulaya kuja kuitazama, na sisi tunamwambia mtoto wa huko kwamba kuchora si kazi ya mtu mwenye dini. Nani basi atatuandikia misikiti? Nani atatuchorea vitabu? Ghazali alipotaja ufumaji katika fardhi kifaya alikuwa anaona mbali kuliko ustadhi wetu.

Sasa deni. Hapa nakuomba uwe makini, maana nia yako ni nzuri lakini njia uliyoiwaza ina kasoro. Ulitaka kusema: nakusamehe 200,000, na hiyo ni katika zaka yangu. Kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu, na ndiyo ya Abu Hanifa na Ahmad, ni kwamba hiyo haitoshelezi. Hasan al-Basri na Ata waliiruhusu, lakini usijenge ibada ya mwaka mzima juu ya hiyo huku ukiwa na njia iliyo salama. Zaka ni kutoa, ni kumkabidhi mtu mali ikawa yake. Kusamehe hakuna kilichotoka mkononi mwako. Tena fedha inakuwa imeondoka mfuko wa kulia ikarudi wa kushoto, na ikiwa deni lenyewe ulikuwa umeshalikatia tamaa, umejiokoa wewe mwenyewe kwa zaka. Ukimpa kwa sharti kwamba akurudishie kama kodi, hiyo haisihi kwa makubaliano ya wanavyuoni. Ukimpa bila sharti, naye kwa hiari yake akalipa anachodaiwa, inasihi, hata kama nyote wawili mlikuwa na fikra hiyo moyoni. Hayo yote yako kwa Nawawi.

Lakini kuna lililo zuri zaidi, na ndilo ninalokuchagulia kama uwezo unaruhusu. Allah amesema katika aya ya 280 ya Suratul Baqara kwamba mwenye deni akiwa katika dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na mkilifanya deni kuwa sadaka ni kheri kwenu. Msamehe miezi minne kama sadaka yako mwenyewe, nje ya zaka. Kisha zaka mpe mkononi, taslimu, aitumie kwa chakula, karatasi na kodi ya mbele akitaka. Usiende kumnunulia rangi wewe ukidhani unamrahisishia. Mpe fedha, yeye ndiye anayejua brashi ipi imeisha. Ikiwa huwezi kusamehe miezi yote minne, nami najua mafuta ya alizeti hayana bei moja mwaka mzima, samehe miwili na mingine mngojee. Hutakuwa na dhambi.

Kuhusu kumpa mtu mmoja zaka yote: asili ya madhehebu ya Shafi ni kuigawa kwa aina zote zinazopatikana, na watatu katika kila aina. Hilo kwa zaka ya mtu mmoja ni gumu sana, na Ibn Ujayl, mwanachuoni wa Kishafi wa Yemen, alikwishatoa fatwa kwamba inafaa kumpa mtu mmoja. Nawe unaweza. Ila angalia pia kama jirani yako hana mgonjwa au mjane mwenzako mwenye njaa. Pengine 350,000 kwa binti na inayobaki kwa huyo. Pima mwenyewe, wewe ndiye unayewaona.

Mpe kwa siri. Usimpe mbele ya wapangaji wengine, na usimtume mtoto wa mtu ampelekee. Wala si lazima umtajie kwamba ni zaka, nia yako inatosha. Allah amewataja katika aya ya 273 ya Suratul Baqara mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia. Binti aliyebandua picha zake usiku mmoja bila neno ni katika hao. Hatakuomba. Na baada ya kumpa, usimfuatilie: kwa nini ana viatu vipya, kwa nini amechelewa kurudi, mbona bado anachora. Mwenye nyumba anayetoa zaka kwa mpangaji wake ana mtihani wa peke yake, kwa sababu anamwona kila asubuhi akipita uani. Ukijiona unaanza kumhesabia, kumbuka aya ya 264 ya sura hiyo hiyo, kuhusu wanaobatilisha sadaka zao kwa masimango na maudhi.

Na sasa lile la chumba. Uliingia wakati hayupo, ukainama chini ya kitanda chake. Nakuambia kwa upole, mama: kuta ni zako lakini chumba ni chake, na Suratu Nur imetukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tubishe na tutoe salamu. Aliyepanga ana haki hiyo hata kama anadaiwa. Istighfari, usirudie. Lakini Allah amekuonyesha pale jambo ambalo usingelijua. Binti ambaye hana fedha ya kukulipa alikaa na kipande cha karatasi akachora mikono yako, na akaikumbuka pete.

Ukisha kumaliza kusoma hapa, subiri arudi kutoka chuoni, ubishe mlangoni, umwambie uliingia na umekosea, na umwombe azirudishe picha zake ukutani. Zote tatu. Mwambie ulimwuliza sheikh na sheikh amesema hazina ubaya. Kwa ustadhi usiende kubishana, mtumie tu jibu hili alisome. Akiwa na dalili nyingine aniletee, nitamsikiliza.

Haul yako, yaani mwaka wako wa zaka, ikitimia Shaabani usiicheleweshe mpaka Ramadhani kwa kutafuta thawabu zaidi, kama wengi wanavyofanya. Haki ya fakiri ikishafika wakati wake ni deni, naye kodi haimngojei mwezi mtukufu.

Mwisho, nimezungumza na wenzangu wa kamati leo baada ya laasiri. Tunahitaji mtu wa kuiandika upya ile aya ya ukutani, na baada ya hapo kurasa 28 za kitabu cha herufi, moja kwa kila herufi, kwa vitu vya hapa kwetu, visivyo na roho. Akiwa tayari, mwambie aje na wewe Jumamosi asubuhi pale madrasa. Mwandiko wa aya atauandika kwa penseli kwanza, nami nitakaa naye kuuhakiki herufi kwa herufi. Atalipwa ujira wa fundi, na ujira huo si zaka, wala wewe usiuhesabu katika 450,000 zako.

Wallahu a'lam.